Ginko: Mti wa Kale na Dawa Yake

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za vidonge vya majani ya ginko, ambavyo husifiwa kwamba huwarudishia wazee uwezo wa kukumbuka. Yafaa tuujue mti wenyewe kabla ya kutoa fedha zetu.

Asili ya ginko ni nchi ya China. Katika jamii yake umebaki peke yake; wenziwe wote walikwisha toweka, nasi twawajua kwa alama za majani yao katika mawe tu. Jani lake lafanana na upepeo, na kabla ya kupukutika hugeuka rangi ya manjano. Miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali, kama mipapai. Ni mti mgumu sana: huko Hiroshima, baada ya bomu la mwaka 1945, baadhi ya miti hiyo iliungua kisha ikachipuka tena.

Wachina na Wajapani hula kokwa zake zilizopikwa, lakini chache tu, kwani zikizidi huleta degedege, hasa kwa watoto.

Na vidonge je? Huko Marekani wazee 3,069, wenye miaka 75 na zaidi, walijaribiwa kwa miaka sita hivi. Nusu yao walipewa ginko, na nusu vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba ginko haikuwakinga na ugonjwa wa kusahau. Tena yaweza kuzidisha kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande.

Basi, mzee akianza kusahau, mpelekeni kwa daktari, nanyi mtajieni kila dawa anayokunywa, hata ya majani.