Tuliyoagiza Ras Kitau

Jioni moja nilivuka kwa mashua kutoka Shela hadi Ras Kitau, nikaenda na jamaa zangu wawili kula hotelini. Palijaa watu hata tukangoja meza mpaka soga zikatuishia. Orodha ilipokuja, tukaona chapati za mahindi za Kimeksiko, zimekunjwa na samaki ndani, pamoja na nyanya, pilipili na ndimu.

"Makubwa haya!" wakacheka wenzangu. Nikawaambia ugeni uko wapi? Mahindi, nyanya na pilipili vyote asili yake ni Amerika. Vilivushwa bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492, na mahindi yakafika pwani hii siku za Wareno. Nasi tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka Bara Hindi! Ndimu nayo ikatoka Asia ikaenda kwao. Mahindi ya kuchoma tunayoyapaka ndimu na pilipili, Wameksiko nao huyala hivyo hivyo barabarani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sina ugomvi na chakula cha kigeni. Ugomvi wangu ni kwamba katika orodha ndefu kama ile sikuona wali wa nazi, samaki wa kupaka wala mkate wa mofa. Nilimwuliza mtumishi, kijana wa Shela.

"Wageni hawaulizi, bwana."

Wataulizaje wasilolijua? Basi nikamwuliza wao wenyewe wamekula nini jikoni. Akatabasamu. Punde akaniletea sahani ya wali wa nazi na samaki. Katika hesabu haikuandikwa.