Saa Moja ya Nani?

Kila likizo ikikaribia, ubishi wa vimbwetani hapa Dodoma ni uleule: basi, treni au ndege? Na hakosekani mtu wa kusema, "Dar kwa ndege ni saa moja tu, nyie endeleeni kuvimba miguu." Mimi wa Janga, kule Kibaha, naomba kuuliza: saa moja ya nani?

Kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma hadi ule wa Julius Nyerere, kwa mstari mnyoofu, ni kama kilomita 390. Ndege inazimaliza kwa takriban saa moja. Hesabu ni sahihi, ila inaanzia uwanjani na kuishia uwanjani, na hakuna anayelala uwanjani.

Sasa hesabu yangu. Hosteli hadi uwanjani, nusu saa. Kuwahi kukaguliwa na kusubiri, saa moja na nusu. Angani, saa moja. Kushuka na kungoja begi, nusu saa. Halafu ndo safari inaanza: Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi. Kwa foleni ile, saa mbili na nusu ni bahati. Jumla saa sita. Basi linatumia saa saba hivi, na linanishusha Mlandizi, mlangoni kwetu kabisa. Kichekesho ni kwamba ndege inapita karibu na bati letu, inanipeleka mbele, halafu narudi nyuma kwa daladala. Yaani boom lote liishe kwa kuokoa saa moja?

Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, inanipa hesabu nyingine. Ukipata inayosimama Soga au Ruvu, umeshafika Kibaha bila kuiona foleni ya Kimara.

Sisemi ndege ni anasa. Wa Mwanza anayesoma Dar ana zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Ndege inamfikisha kwa kama saa moja na nusu. Huyo apande bila kujiuliza. Muda wa kusubiri uwanjani ni uleule hata safari iwe fupi. Safari ikiwa ndefu, hauumi.

Kwa hiyo nina hoja mbili. Kwanza, wana, tuhesabu safari kutoka mlango wa hosteli hadi mlango wa nyumbani kabla hatujagusa boom. Pili, serikali yetu ya wanafunzi idai usafiri wa uhakika kati ya chuo, stesheni na uwanja wa ndege. Uwanja mpya wa Msalato uko nje ya mji. Tukishangilia njia ya kurukia tu na kusahau gari la kutufikisha huko, ile "saa moja" itazidi kuwa ndefu.