UCHAMBUZI: Mchoro wa kompyuta unapovishwa joho la penseli

IWAPO wakazi wa Githongo, katika eneo bunge la Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, wataitwa kesho kutoa maoni kuhusu jengo jipya la soko, kitu cha kwanza watakachoonyeshwa ni mchoro. Na iwapo mchoro huo utaonekana kana kwamba umechorwa kwa penseli, yafaa wajue kwamba huenda hakuna penseli yoyote iliyogusa karatasi.

Wasanifu majengo wamezoea kwa miaka mingi sasa kuchora kwa kompyuta, kisha kuiamuru kompyuta hiyo hiyo ifiche kazi yake. Mistari iliyonyooka hutiwa mtetemo mdogo. Kwenye pembe za kuta mistari miwili huachwa ipitane kidogo, kama afanyavyo mchoraji mwenye haraka. Mstari mmoja hurudiwa mara mbili au tatu, kila mara ukienda kombo kidogo, na unene wake hubadilika kana kwamba mkono umekazwa na kulegezwa. Vivuli hupigwa kwa mistari myembamba iliyolala upande mmoja, na nyuma ya yote huwekwa picha ya karatasi yenye chembechembe. Wengine huchapisha mchoro wa kompyuta, wakatandaza karatasi angavu juu yake na kuufuatisha kwa mkono. Njia hii ya mwisho ni ya kizamani na huchukua muda, lakini ndiyo ambayo jicho la mjuzi haliwezi kuitilia shaka.

Kuna kinaya katika historia ya jambo hili. Mnamo 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamifu katika taasisi ya MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambayo ilipokea mistari iliyochorwa kwa kalamu ya mwanga kwenye kioo na kuinyoosha. Programu ya AutoCAD ilipoingia sokoni mwaka 1982, sifa yake kubwa ilikuwa usahihi huo huo. Baadaye ikaja programu iitwayo Squiggle, ambayo kazi yake ilikuwa kuipinda tena mistari iliyokwisha kunyooshwa. SketchUp, iliyotolewa mwaka 2000 na kununuliwa na Google mwaka 2006 kabla ya kuhamia kampuni ya Trimble mwaka 2012, iliufanya mtindo huo kuwa jambo la kubonyeza kitufe. Kwa kuwa Google iliisambaza bila malipo, hata wanafunzi wasio na fedha waliipata. Leo programu za akili bandia hugeuza picha yoyote kuwa mchoro wa penseli kwa muda mfupi kuliko wa kuchonga penseli yenyewe.

Kwa nini mtu alipie usahihi kisha ajitahidi kuuficha? Jibu halimo katika urembo. Mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Magdeburg, Ujerumani, waliwaonyesha wasanifu majengo na wanafunzi wa fani hiyo jengo moja kwa sura tofauti: mchoro safi wa kompyuta, picha yenye vivuli kamili, na mchoro wa kompyuta uliofanywa ufanane na wa mkono. Mintarafu ya kumwonyesha mteja wazo ambalo bado ni changa, wengi waliuchagua ule wa tatu. Ulisisimua fikra na kualika mazungumzo, ilhali michoro safi ilisifiwa kwa kueleza jambo lililokwisha kuamuliwa.

Yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya shule au ya kanisa anajua ukweli huo bila utafiti. Ramani iliyochapishwa kwa wino mweusi, yenye vipimo kila upande na jina la ofisi kwenye kona, huwanyamazisha watu. Mzee aliyekuwa na swali kuhusu mlango huogopa kuonekana mshamba. Mchoro wenye mistari inayotetemeka humwambia kwamba mwenyewe aliyeuchora hajajua yote, na kwamba mlango huo waweza kuhamishwa.

Lugha ya Kiswahili ililiona jambo hili mapema. Neno rasimu, ambalo Wakenya walilizoea katika miaka ya kuandika katiba, lina asili moja na neno la Kiarabu la kuchora. Rasimu ni kile ambacho bado kinaweza kuguswa. Kamati ya Wataalamu ilipochapisha rasimu yake Novemba 2009, wananchi walipewa siku 30 kutoa maoni. Januari 2010, wabunge waliokutana Naivasha waliufumua muundo wa serikali uliokuwemo, wakamwondoa waziri mkuu mwenye mamlaka na kuuweka mfumo wa urais. Mtu anaweza kuyapenda au kuyachukia mabadiliko hayo, lakini hawezi kukana kwamba waraka ule ulikuwa rasimu kweli.

Upande wa majengo, Kenya imekuwa na desturi iliyo kinyume. Raia huonyeshwa picha zilizong'arishwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza Januari 2013, umma ulikuwa tayari umeonyeshwa minara ya vioo na barabara zenye miti, huku pale penyewe pakiwa nyika. Miaka ilipita kabla ya jengo la kwanza kukamilika. Picha za aina hiyo zinakusudiwa kuvutia wenye mitaji, na kwa kazi hiyo labda zinafaa, lakini haziulizi swali lolote.

Mfano ulio karibu zaidi na mwananchi wa kawaida ni masoko ya mazao mabichi yaliyojengwa chini ya mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009. Baadhi yalikamilika yakakaa miaka bila wachuuzi, nyasi zikiota mlangoni. Malalamiko yaliyosikika sehemu mbalimbali yalifanana: soko liko mbali na njia ya wateja, vibanda havitoshi, wauzaji hawakuulizwa. Kasoro kama hizo hurekebishwa kwa kifutio zikiwa bado kwenye karatasi. Zikishamwagiwa saruji, dawa yake ni bajeti nyingine.

Kwa hivyo mtu angetarajia kwamba mchoro wenye sura ya penseli utakuwa rafiki wa mwananchi. Waweza kuwa. Hata hivyo, hapa ndipo penye hatari ambayo haijazungumzwa vya kutosha.

Mtetemo wa mstari ni kauli. Unamwambia mtazamaji kwamba uamuzi haujafanywa. Kompyuta inapoweza kuitoa kauli hiyo kwa kubonyeza kitufe, inaweza pia kuitoa ikiwa ya uongo. Faili ile ile yenye vipimo vya mwisho, ambayo tayari imempa mkadiriaji majenzi hesabu ya kila mfuko wa saruji na kila bati, yaweza kuvishwa joho la penseli jioni na kupelekwa kwa wananchi asubuhi kama wazo changa. Watazungumza kwa uhuru, watachekeshwa, watashukuriwa, na jengo litasimama vile vile lilivyokuwa kwenye faili. Afadhali mchoro mkavu wa wino, ambao angalau haumdanganyi mtu kuhusu umri wake.

Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka raia wapate habari kwa wakati unaofaa. Katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco iliyoamuliwa mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilisema kwamba ushirikishaji wa umma sharti uwe wa kweli, wala si wa kutimiza ada tu. Majaji hawakuwa wakizungumzia michoro, lakini ni vigumu kuona jinsi picha iliyozeeshwa kinyume, ikafanywa ionekane changa kuliko ilivyo, inavyoweza kutimiza sharti hilo.

Wapo wasanifu watakaopinga kwamba mteja wa Kenya hataki penseli hata kidogo. Hoja yao ina uzito. Katika nchi ambamo majengo yameporomoka, likiwemo lile la Huruma jijini Nairobi lililoua watu wapatao 50 baada ya mvua ya Aprili 2016, watu wamefunzwa kuamini muhuri na kushuku karatasi isiyo nao. Mkulima aliyeuza majani chai msimu mzima ili alipie ramani ya nyumba hafurahi kupewa kitu kinachofanana na kazi ya fundi aliyechora mgongoni mwa risiti. Kwa mteja kama huyo mchoro unaotetemeka si mwaliko. Ni dalili ya kwamba amepunjwa. Dawa ni kumweleza waziwazi kwamba karatasi hii ni ya mazungumzo, na ile ya muhuri itafuata, badala ya kumwachia akisie.

Turudi Githongo. Eneo hili liko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mvua si mgeni na kiwanda cha chai ni mali ya wakulima wenyewe. Mwuza viazi wa huko hahitaji somo la usanifu ili ajue maji ya paa yataelekea wapi, lori litageukia wapi, na upepo wa baridi utaingilia upande gani wa soko asubuhi. Maarifa hayo hayamo katika kompyuta ya Nairobi. Hutoka pale tu mwenye nayo anapoamini kwamba kuna anayeyahitaji.

Akionyeshwa mchoro wa penseli, maswali ya kuuliza ni machache na hayahitaji wakili. Je, zabuni imetangazwa? Je, orodha ya vifaa na gharama imekwisha kuandaliwa, na kama imeandaliwa, ilitokana na mchoro gani? Orodha hiyo haiwezi kukokotolewa kwa ukamilifu kutokana na mchoro ambao haujaamuliwa, hivyo kuwepo kwake hueleza zaidi kuliko mistari yoyote. Swali la tatu ni kipi hasa kinaweza kubadilishwa: mahali pa lango, idadi ya vibanda, au rangi ya mabati pekee?

Ofisi ambayo haina la kuficha ina njia rahisi ya kulionyesha hilo. Ilete nakala kadhaa pamoja na penseli za kweli, iwaache watu wachore juu yake, wavuke mistari, waandike majina ya vijito na njia za miguu. Nakala hizo zitiwe tarehe na kuhifadhiwa pamoja na kumbukumbu za mkutano, ili siku ramani ya mwisho itakapoletwa na muhuri wake, mchuuzi aweze kuziomba na kuzilinganisha.