Tiba mtandao: Daktari wa Singida anabaki na nini?

Kutoka Itigi, wilayani Manyoni, hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500. Ndiyo maana tiba mtandao ikitajwa, wengi wetu tunamfikiria mgonjwa aliyeokoa nauli. Ni kweli, lakini tujiulize pia: daktari aliyebaki naye anajifunza nini?

Mwaka 2003, Dk. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha Mradi wa ECHO kwa ajili ya homa ya ini aina ya C. Kila wiki matabibu wa vijijini walikutana na mabingwa kwa video, wakaeleza hali za wagonjwa wao na kujadiliana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa utaratibu huo walipona kwa asilimia 58.2; wa kliniki ya chuo, asilimia 57.5.

Hapo ndipo penye tofauti na kutuma picha ya eksirei na kurudishiwa majibu. Tabibu hapewi jibu tu, anaonyeshwa namna ya kulifikia. Kesho akija mgonjwa kama huyo Kiomboi au Nduguti, si lazima aanze na rufaa.

Hata hivyo, skrini ukutani haitoshi. Kwenye kituo chenye daktari mmoja, saa ya darasa ndiyo saa ya foleni. Kwa hiyo tunapoulizia vifaa, tuulize na hili: darasa ni siku gani, na nani anashika wodi wakati huo?