Mhadhiri Amjuaye Mwanafunzi kwa Jina



Kila mwaka, mvua zikikaribia, vijana wetu wachache hushuka kutoka milima hii ya Ibaba kwenda vyuo vikuu vya Mbeya, Iringa, Dodoma na kwingineko. Nyuma yao yako magunia ya viazi yaliyouzwa. Wazazi huja kuniuliza juu ya ada, mkopo na malazi. Ni mara chache sana nasikia swali hili: huko aendako, ni mwalimu gani atakayemjua?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifika Paris mwaka 1528, mtu mzima aliyepita miaka thelathini na mitano, Kilatini chake kikiwa bado dhaifu. Mwaka uliofuata alipata nafasi katika chuo cha Sainte-Barbe, chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, vijana wa miaka ishirini na mitatu. Mwalimu wao, Juan de la Peña, alimwagiza Faber ampitishe Inyasi tena katika masomo ya kila siku. Inyasi naye alimtuliza Faber, aliyesumbuliwa mno na wasiwasi wa dhamiri. Na Ksaveri alipoanza kufundisha, akamtafutia wanafunzi na fedha. Tarehe 15 Agosti 1534, hao watatu na wenzao wanne waliweka nadhiri pale Montmartre. Shirika la Yesu limetoka humo. Mwalimu Peña hatajwi sana, nami naona anaonewa.

Mwongozo wa masomo wa Wajesuiti wa mwaka 1599 unamtaka mwalimu asimdharau mwanafunzi yeyote, ayaangalie masomo ya maskini sawasawa na ya matajiri, tena awaombee wanafunzi wake. Siku hizi vyuo vyao hutumia maneno ya Kilatini cura personalis, yaani kumtunza kila mmoja kama nafsi ya pekee. (Wengi hudhani maneno hayo ni ya Inyasi, yalitumiwa na Mkuu wa Shirika, Padre Ledóchowski, mwaka 1934.) Jijini Nairobi, shule yao ya Mtakatifu Aloyce Gonzaga, iliyoanzishwa kwa ajili ya yatima wa UKIMWI wa Kibera, haimwagi mwanafunzi siku ya mtihani wa mwisho: huenda kwanza kuihudumia jamii, kisha husaidiwa kuendelea na masomo ya juu.

Wahadhiri wetu watajibu: ukumbini nina wanafunzi mia tatu, nitamjua nani? Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Peña hakukaa na Inyasi usiku kucha. Alimwona anabaki nyuma, akampa mwenzake wa kumshika mkono. Kila mhadhiri wa chuo cha Kikatoliki akabidhiwe majina ishirini, aonane nayo kila muhula, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo, kama zinavyohesabiwa makala zake. Isipohesabiwa, itabaki ya wenye huruma peke yao.

Liko jambo ambalo wazazi hunong'ona tu. Rushwa ya ngono ipo vyuoni, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa. Basi ukaribu ninaousema ni wa ofisini, mchana, mlango wazi, nao ni kwa wote. Mhadhiri anayemjua binti mmoja tu kati ya mia tatu si mlezi, na binti huyo asione haya kusema.

Wazazi wenye vijana wanaoondoka mwaka huu wafike ofisi ya parokia Jumapili baada ya Misa ya kwanza, waandike jina la kijana, chuo na kozi. Nitawaandikia mapadre walezi wa vyuo hivyo, nikiwaomba wamtafutie kila mmoja mhadhiri wa kumwendea kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza.