Nani Atatamka Sare?

Wapendwa, tuwatazame wachezaji wawili wa sataranji wa klabu moja, wenye uwezo unaolingana. Wamekaa saa tatu. Kila mmoja amebakiwa na mfalme, askari wachache, na ile kete iitwayo askofu. Askofu wa huyu hutembea kwenye miraba myeupe tu, wa yule kwenye myeusi tu. Hawakutani wala hawawezi kulana. (Maaskofu wetu wanisamehe.) Hata mwenye askari mmoja zaidi, kwa kawaida hapo hapati kitu.

Basi mmoja lazima atamke sare. Kanuni yake ni nzuri: kwanza unacheza zamu yako, ndipo unatoa ombi, kisha unabonyeza saa. Ombi likishatoka halirudishwi. Mwenzako akubali au akatae. Akikubali, mnapeana mikono na kila mmoja anachukua nusu pointi.

Katika familia zetu hapo ndipo panapotushinda. Ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba la marehemu baba. Kila mmoja anajua hatashinda, na anajua mwenzake naye hatashinda. Wanaendelea tu, kwa kuwa atakayeanza kusema ataonekana mnyonge. Jumapili wote wanakomunika, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja anageukia upande mwingine. Watoto wao hawajuani.

Someni Mwanzo sura ya 31. Yakobo na Labani walikuwa wamepimana akili miaka 20. Yakobo akatoroka na familia yake, Labani akamfuatia siku saba. Walipokutana kila mmoja alikuwa na mashtaka yake, na hakuna aliyeyafuta. Labani, mzee tena baba mkwe, ndiye aliyeanza kutaja agano. Wakakusanya chungu ya mawe iwe mpaka, wakala chakula hapo. Asubuhi akawabusu wajukuu na binti zake, akawabariki, akarudi kwake.

Sisemi kila ugomvi uishe hivyo. Mjane aliyenyang'anywa shamba hana sare na aliyemnyang'anya. Arudishiwe lote, na sisi tusimame naye. Nasema na ninyi mnaolingana, mliochoka, mnaoogopa kuonwa wanyonge. Kama aibu inakuzuia kwenda peke yako, mwombe mzee mmoja wa jumuiya yako akusindikize jioni hii kwa ndugu yako.