Maji ya Barafu Si ya Kila Jioni

Siku hizi kijana akitoka uwanjani hali amechoka, jambo la kwanza analotamani ni pipa la maji ya barafu, maana ameona picha za mabingwa wakikaa humo hadi kiunoni. Wengine wamekwisha kudai kwamba shule isiyo na pipa hilo haiwezi kushinda. Mimi naona sivyo, na sababu zangu ni hizi.

Sisemi kwamba maji baridi ni upuzi. Baridi hubana mishipa ya damu na kutia ganzi, hata maumivu yakapungua. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio 17 yaliyofanywa kwa watu 366, wakaona kwamba waliojitosa katika maji baridi baada ya mazoezi waliumwa misuli kidogo kuliko waliopumzika tu.

Lakini kupungua maumivu si kuongezeka nguvu. Mwaka 2015 watafiti wa Australia na wenzao walitoa habari za vijana wanaume waliofanya mazoezi ya kuimarisha miguu kwa majuma 12. Kila baada ya mazoezi, kundi moja lilikaa dakika 10 katika maji ya digrii 10. Kundi la pili liliendesha baiskeli polepole. Mwishowe wale wa baiskeli ndio waliopata misuli minene zaidi na nguvu zaidi. Misuli iliyofanya kazi hutoa ishara za kujijenga upya, na baridi huzififisha ishara hizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtu ataniuliza, "Mbona mabingwa hufanya hivyo?" Bingwa hukimbia mchujo leo na fainali kesho, shabaha yake ni kuamka mwepesi, wala hatafuti misuli mipya usiku ule. Mwanafunzi ana muhula mzima wa kuujenga mwili. Basi yafaa pipa tuliweke kwa siku za mashindano, na jioni nyingine tutembee kidogo, tule tushibe, tulale mapema. Na ninyi wanafunzi wa zamani mnaotaka kuisaidia timu, heri mtuongezee maharagwe kuliko barafu.

Hata hivyo, iko ajali moja ambayo dawa yake ni pipa hilo hilo. Mkimbiaji akianguka kwa joto, mwili unawaka na maneno hayaeleweki, atiwe mara moja katika maji baridi hadi shingoni, kichwa chake kikishikwa, huku daktari akiitwa. Apozwe kwanza, ndipo apelekwe hospitali. Kwa hiyo siku ya mbio na liwepo uwanjani, limejaa tayari. Wala mtu asijitose humo peke yake, kwani baridi ya ghafula hukata pumzi. Pipa la kuokoa maisha lina maana kuliko pipa la kujionyesha.